Msitu Uliofagiliwa

Siku wanaume wa kijiji cha Ilutila walipoingia msituni na mapanga na miundu, Mwanahawa aliwapikia. Aliinjika masufuria ya wali na maharage nyuma ya duka la mumewe, akakataa msaada wa jirani yeyote. Alitaka chakula hicho kitoke mikononi mwake mwenyewe. Watu wale walikuwa wanamfanyia mwanawe jambo kubwa, na hakujua namna nyingine ya kuwashukuru.

Mwanawe aliitwa Nusrat, fundi cherehani, msichana mkubwa tu aliyekuwa tayari na wateja wake kule Nyololo, mji ule wa barabarani. Mwezi wa saba, katika baridi ile ya Mufindi inayopasua midomo, alikuwa ameshuka kwa miguu kupeleka sare za shule alizoshona. Njia ya mkato ilipita katikati ya msitu wa kijiji. Alipofika karibu na chemchemi, mahali ambapo vichaka na mitambaazi ilisongamana mpaka ikaziba njia, mtu alimtokea na panga. Nusrat aliinua mkono kujikinga, panga likamkata kiganjani. Yule mtu akachukua mkoba na simu, akaingia kichakani, akapotea palepale. Baadaye Nusrat alimwambia mama yake kwamba damu haikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa bado anamsikia yule mtu akivunja vijiti karibu kabisa, na alipotazama haoni kitu, ni majani tu.

Hospitali walimshona, kidonda kikapona. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Akishika mkasi, unamponyoka. Polisi walikuja, wakachukua maelezo, wakazunguka msituni, wakaondoka. Yule mtu hajapatikana mpaka leo.

Msitu wenyewe ulikuwa kipande cha msitu wa asili kilichobaki, upande mmoja mashamba ya paini, upande mwingine chai. Haukuwa mkubwa, ila ulikuwa mzito. Juu kulikuwa na miti mirefu ya zamani, na mivengi, miti ipendayo unyevu, ikisimama karibu na chemchemi. Chini ya hiyo kulikuwa na miti ya wastani, chini yake vichaka, na chini kabisa majani yaliyooza, magogo yaliyoanguka na uyoga wa kila namna. Ukiingia mchana ulilazimika kusimama kwanza mpaka macho yazoee. Humo ndimo maji ya kijiji yalimotoka. Yalishuka yenyewe kwa mserereko, yakaingia kwenye tenki, na kutoka tenki yakagawanywa kwenye mabomba ya kijiji kizima.

Nusrat akiwa bado amelazwa hospitali, baba yake, Halfani, aliomba mkutano. Halfani hakuwa mtu wa kuomba mambo. Babu yake alikuja kutoka Kilwa akiuza vitambaa, baba yake akazaliwa hukuhuku, na yeye pia, na bado watu waliposema wanakwenda kununua sabuni walisema wanakwenda "kwa Mswahili". Alikuwa amejifunza kuishi bila kuwasumbua watu. Siku ile alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, kofia mkononi.

"Sisemi mkate miti," alisema. "Nataka mtu akipita mle aone kilicho mbele yake. Basi. Leo ni wa kwangu. Kesho sijui atakuwa wa nani."

Apolonia, aliyekaa mbele na khanga mabegani, alikuwa wa kwanza kumuunga mkono. Alikuwa mjane wa makamo, jirani ya Halfani, na rafiki wa Mwanahawa tangu wote wawili walipokuwa wanaharusi wapya pale kijijini.

"Mimi napita pale na wajukuu," alisema. "Tufyeke. Kile kichaka kimezidi."

Mwenyekiti wa kijiji, Ezekia, aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Akatoa sharti moja tu: mti mkubwa usiguswe. Watu walipiga makofi. Mwanahawa alilia, na Apolonia akamshika mkono mpaka mkutano ulipoisha.

Kazi ilifanyika kwa juma zima. Vichaka vilikatwa hadi chini, mitambaazi ikavutwa na kuangushwa, miti midogo ikaondolewa ili mtu asipate pa kujificha. Magogo yaliyooza yalipasuliwa, wanawake wakajipatia kuni za kutosha mpaka Krismasi. Majani makavu yalikokotwa yakachomwa moto pembeni, kwa tahadhari, watu wakisimama na matawi mabichi ya kuzimia. Hakuna mti mkubwa ulioanguka. Ezekia alikuwa mkali juu ya hilo.

Walipomaliza, watu wengi walikwenda kutazama. Ulikuwa unapendeza. Ulikuwa kama ua uliofagiliwa kwa ajili ya harusi: mashina marefu yamesimama mbalimbali, jua linapenya mpaka ardhini, na ukisimama chini kwenye chai unaona hadi paini za upande wa pili. Vijana walipiga picha, wakazituma kwa ndugu zao Iringa na Dar. Wengine waliandika kwamba Ilutila sasa ina bustani.

Mwanahawa alimchukua Nusrat, wakapita pamoja. Nusrat alitembea polepole, mkono wenye kovu ameuficha ndani ya mtandio. Walipofika pale mahali, alisimama, akageuka huku na huku.

"Sasa naona," alisema.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama. Waambie nimeshukuru sana."

Mvua zilichelewa kidogo mwaka ule, kisha zikaja kwa nguvu. Siku ya mvua ya kwanza kubwa Mwanahawa alikuwa anarudi kutoka Nyololo, ikamkuta msituni. Alikuwa amezoea kwamba mle ndani mvua hukawia kukufikia. Zamani ungeisikia ikivuma huko juu, nawe chini ukaendelea kutembea, ukilowa taratibu kwa vitone vidogo. Safari hii matone yalijikusanya kwenye majani ya ile miti mirefu, yakaanguka mazito kama maharage, na hayakukuta kitu cha kuyapokea njiani. Yalipiga udongo mtupu, udongo ukaruka mpaka kwenye sketi yake. Muda si mrefu maji mekundu yakaanza kutembea kati ya mashina, yakitafuta pa kushukia. Yalishuka kwenye chemchemi.

Aliyaona. Alisimama akayatazama. Alipofika nyumbani alibadilisha nguo, akaketi karibu na jiko, wala hakumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata maji ya bomba yalitoka kama chai ya maziwa. Watu hawakushtuka sana, walisema ni mvua za kwanza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, yakawa yaleyale. Ezekia alipanda na vijana mpaka kwenye chanzo, wakakuta kisima cha kukusanyia maji kimejaa tope. Wakalizoa. Mvua nyingine ikakijaza. Njia yenyewe ilichimbika ikawa mfereji, na mmoja wa ile miti mirefu, mizizi yake ikiwa imeachwa wazi, uliinama kisha ukaanguka wenyewe juu ya bomba.

Mwezi wa pili Apolonia alikwenda kuchuma uyoga, kama alivyofanya kila mwaka. Alirudi akapitia dukani, akaweka kikapu juu ya meza. Ndani hamkuwa na kitu.

"Kamwene, mama Nusrat," alimsalimia.

"Kamwene, dada. Umewahiwa?"

"Na nani? Hakuna. Nimezunguka kote. Ardhi imekauka juu, ngumu kama njia." Alikikung'uta kikapu. "Labda mwakani."

"Labda," Mwanahawa alisema.

Lakini mwaka huo kiangazi ndicho kilichokuja na jibu. Katika Ilutila hakuna aliyekumbuka chemchemi ile kukauka, hata miaka ya ukame iliyowanyima mahindi. Mwezi wa sita maji yakapungua bombani. Mwezi wa saba yakawa yanatoka alfajiri tu. Mwezi wa nane mabomba yote yakakauka. Msitu ulikuwa bado umesimama pale juu, kijani, miti yake yote mirefu ikiwepo, na mgeni aliyepita barabarani angesema ni kijiji chenye bahati. Wanawake walianza kushuka bondeni na ndoo, kule mto unakopita karibu na barabara kuu, ambako madereva wa malori husimama kuosha magari.

Ni kwenye foleni ya huko bondeni Mwanahawa alisikia lile jina. Alikuwa nyuma ya wanawake wawili wa mtaa wa juu ambao hawakujua yupo. Mmoja aliinua ndoo, akaguna.

"Haya ndiyo maji ya Nusrat."

"Kweli. Sisi tunabeba, yeye kajaliwa njia nyeupe."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, bila ubaya mwingi. Mwanahawa alirudi nyuma, akasimama nyuma ya mti hadi walipoondoka. Kisha akateka maji yake, akapanda kilima. Nyumbani alimficha Nusrat jambo hilo. Ila baada ya siku chache aligundua kwamba Nusrat alikwisha kulisikia kabla yake, maana alikuwa ameacha kutoka. Wateja waliobaki walileta nguo mlangoni, naye akawarudishia nyingi, akidai mkono unauma.

Baadaye mwezi huohuo Apolonia alianguka. Alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, mguu ukateleza kwenye changarawe, akavunjika nyonga. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Alipoletwa kutoka hospitali alikuwa wa kulala tu, na mkwewe ndiye aliyemgeuza.

Mwanahawa alimpelekea uji wa ulezi. Akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Pole, dada."

"Nimepoa." Apolonia alitazama dari. "Mwenzangu, kuna watu wanakuja hapa wananiambia maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Mwanahawa alikoroga uji ingawa ulikuwa umekwisha poa. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilisimama mkutanoni nikasema tufyeke. Nitasemaje?" Alifumba macho. "Sikulaumu. Mtoto hana kosa, na wewe huna. Lakini nikilala hapa nikaumwa, nina hasira, na sina wa kumpelekea. Ukija kila siku unaniongezea. Naomba usije kwanza. Uji mwachie mkwe."

Mwanahawa alisimama, akamwachia mkwe uji. Alitembea mpaka nyumbani akiwa ameinamisha kichwa, na alipofika aliketi uani bila kuvua viatu.

Ezekia ndiye aliyemleta bibi misitu kutoka wilayani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, aliyesema kwa upole kuliko walivyotarajia. Kwanza aliwaambia kwamba kufyeka kwenye chanzo cha maji ni kosa kisheria na kwamba wangepaswa kuuliza. Ezekia alikubali, akasema lawama ni yake. Kisha yule mama akapanda nao mpaka msituni, Halfani akiwemo, na Mwanahawa na Nusrat wakifuata nyuma.

Alichimba udongo kwa kisu, akauonyesha. Ulikuwa umeshikana kama tofali.

"Mlidhani msitu ni hii mirefu," alisema. "Hii ni paa. Nyumba haiwi paa tupu. Mvua ikitoka kwenye paa inatakiwa ipokelewe na mti wa kati, ishuke kwenye kichaka, ishuke kwenye majani makavu, inywewe polepole. Ndiyo mnayokunywa ninyi kiangazi. Sasa inapiga chini na kukimbia. Inawapita."

"Dawa yake?" aliuliza Ezekia.

"Mfunge. Mtu asiingie, mbuzi asiingie. Kiote kinachoota. Visiki vingi bado viko hai, naona vinachipua. Mtachukua miaka. Na hii njia iondoke, inapita juu ya maji kabisa."

Halfani alikuwa amesimama pembeni muda wote. Sasa alisema, "Kwa hiyo kichaka kirudi."

"Kirudi, mzee wangu. Tena kizito."

"Na aliyemkata mwanangu je? Naye arudi?"

Yule mama aliinama. Alifuta kisu kwenye majani, akatazama chini.

Mkutano uliitishwa Jumapili alasiri. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Ezekia alieleza alichoambiwa, na Mwanahawa akahisi macho yote yakigeuka upande wao. Halfani alisimama.

"Nyinyi ndio wenye kijiji," alisema. "Mkitaka kufunga, fungeni. Mimi nitafunga duka, niende Iringa mjini. Sitaki kukaa mahali ambapo nalea kichaka kilichomla mwanangu mkono."

Kulikuwa na mnong'ono. Mtu fulani nyuma alisema, "Basi nenda." Alisema taratibu, lakini wote walisikia, na hakuna aliyemkemea.

Nusrat alisimama. Mama yake alimvuta nguo, naye akaichomoa mkononi mwa mama. Hakuwa amesema mbele za watu tangu siku ile ya msituni.

"Nimesikia mnayaita maji ya Nusrat," alisema. "Mimi sikuomba maji. Sikuomba hata mfyeke, nilikuwa nimelazwa. Lakini mlipofyeka nilifurahi, nilipita nikaona mbele, nikalala usingizi. Siwezi kusema uongo. Kikirudi kile kichaka, mimi sitapita tena mle, hata nikisindikizwa." Aliwageukia waliokaa nyuma. "Fungeni. Mama Apolonia amelala kitandani. Fungeni. Ila mtuchimbie njia nyingine, ya kuzungukia ukingoni mwa paini, ambako ni wazi. Ni ndefu, najua. Siyo kwa ajili yangu tu. Mnao watoto wa kike."

Akaketi. Ezekia aliuliza nani anaafiki. Mikono yote iliinuka, hata ya Halfani mwishoni, kwa shida, kama mtu anayeinua mzigo.

Siku ya kuchimba njia, Mwanahawa alipika tena. Aliinjika masufuria yaleyale. Wale waliojaa msituni mwaka uliopita na mapanga yao hawakuonekana. Mmoja alikuwa na msiba Makambako, mwingine shamba, wengine hawakutoa sababu. Walikuja Ezekia, Halfani, wanawake wachache wenye mabinti, na mkwe wa Apolonia na jembe begani. Walichimba hadi mchana, wakala, chakula kingi kikabaki. Mwanahawa alikifunga kwenye majani ya mgomba na kukigawa kwa waliokuja. Halfani aliendelea kuchimba baada ya kula. Jioni viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, akaviweka kwenye maji ya moto, akasema tu, "Kukata kulikuwa rahisi."

Njia ilichukua muda mrefu kuisha. Kabla haijaisha, Nusrat aliondoka. Shangazi yake Shufaa alikuwa na duka la mashuka na mapazia Iyunga, kule Mbeya, na akampigia simu aje amsaidie kuuza. Hakukuwa na kushona. Mwanahawa alimsindikiza hadi Nyololo, na kwenye basi walishikana mikono kwenye dirisha mpaka kondakta alipowagombeza. Cherehani ilibaki chumbani, imefunikwa kitambaa.

Halfani hakuhama. Hakusema kwa nini. Asubuhi alifungua duka kama kawaida, na wateja walikuja kama kawaida, na baadhi yao walikuwa wamebadilika kidogo, wakawa wanauliza habari za Nusrat kabla ya kuuliza bei. Wengine hawakuuliza.

Mvua ziliporudi, msitu ulikuwa umefungwa kwa miti iliyolazwa mlangoni na kibao cha Ezekia. Visiki vilichipua. Tope kwenye chanzo lilipungua, si kwa kiasi ambacho mtu angefanyia sherehe. Bomba lilianza kutoa maji membamba, yenye rangi kidogo, asubuhi na jioni. Wanawake walisema ni mvua tu, tungoje kiangazi tuone. Apolonia alikuwa anaweza kutembea na gongo hadi kizingitini. Siku moja Mwanahawa alipopita, Apolonia alimwita akaketi naye, wakazungumza juu ya bei ya mbegu za viazi. Hawakuzungumza jambo lingine, lakini Mwanahawa alikaa mpaka jua lilipoanza kuzama.

Nusrat alikuja siku ya Idi. Alishukia Nyololo akapanda bodaboda, ikamzungusha kwa barabara ya magari, mbali kabisa na msitu. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mchana alitoka uani kuchukua udhu. Bomba lilitiririka polepole, akakinga kiganja, akangoja kijae.

"Kichaka kimefika wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Mwanahawa alikuwa anakuna nazi. Alifikiri kumwambia bado ni kifupi.

"Kiunoni," alisema. "Pale kwenye maji kimezidi kiuno."

Nusrat aliosha uso, akaosha mikono mpaka viwikoni, ule wenye kovu kisha ule mzima. Alipomaliza alifunga bomba kwa nguvu ili lisivuje.

"Sawa," alisema, akaingia ndani kuswali.